Rudia, Shemeji

Bi Maiti: jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Siku hiyo alikuwa akiwasomea wakwe gazeti la Kiingereza. Neno "corps", yaani kikosi, hutamkwa "koo". Yeye akalisoma "kops", yaani maiti. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu.

Bi Maiti akaitafuna kamusi jani kwa jani, hadi akawa mkuu wa studio ya redio.

Leo shemeji kaja kuomba kazi ya kusoma habari. Desturi ya studio ni hii: ukikosea neno, unalirudia kwenye kipaza sauti, ofisi nzima ikisikia, mpaka mkuu aridhike. Shemeji akateleza kwenye neno la kwanza tu.

"Rudia."

Akarudia, akarudia, jasho likimtiririka.

"Shemeji, si nimepatia?"

"Umepatia zamani," alisema Bi Maiti, akijimiminia chai. "Rudia."