Siku Kapele Alipogawa Watoto wa Mbwa

Mpaka leo naiona siku ile, mwanangu, Kapele, mwenyekiti wetu, aliposimama mbele ya mkutano wa kijiji, koti kafunga vifungo vyote, akatangaza kwamba watoto wa mbwa wa Bibi Skola ni mali ya wote na watagawiwa jioni ileile. Macho yao yalikuwa yamefunguka juzi tu. Jina lake nalitaja, kwa sababu yeye yupo, anatembea sokoni pale Sumbawanga, na hajawahi kusema samahani.

Umeniuliza umchukue lini yule mtoto wa mbwa uliyeahidiwa kule Mtowisa. Swali lako limenirudisha mbali, kwa hiyo nivumilie.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba kwa mstari, na mashamba yetu ya zamani yakabaki mbali, ukingoni kabisa, pale unapotazama chini ukaona bonde la Rukwa lote. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge, Tanga. Mimi nilikuwa na mimba, shamba la mahindi, na ulezi mdogo wa kuchungulia kihengeni. Na nyani. Mahindi yakitoa ndevu tu, nyani wanapanda kutoka kwenye miamba ya bonde, na asiye na mbwa anavuna mabua. Kwa hiyo ujue, pale mkutanoni hakuna aliyemtaka mbwa kunishinda mimi.

Bibi Skola alikuwa mjane wa mwindaji. Mbwa wake jike alimwita Wivu, makusudi, ili kila asubuhi apate kupaza sauti, "Wivu, toka mlangoni kwangu!" na jirani anayehusika asikie. Watu walimcheka, lakini kwa mambo ya mbwa walimheshimu. Watoto wa Wivu walikuwa hawamwogopi nyani.

Akasema palepale mkutanoni, "Mwenyekiti, hao bado ni wa maziwa. Ngoja."

"Bibi, wageni wa wilaya wako njiani," Kapele akasema. "Nataka waone kila balozi wa nyumba kumi ana mbwa wa kulinda shamba la kijiji."

"Basi waonyeshe wanao. Nao wanabweka vizuri."

Tulicheka, wee! Lakini kunyoosha mikono walinyoosha, na likapita.

Aliyetumwa kuwakusanya ni shemeji yangu Desderi, mdogo wa mume wangu, mtu wa kumkimbilia kila mwenye cheo. Sikuwa balozi, lakini kwangu, kwa undugu, alileta dume jeusi lenye doa jeupe kifuani. "Mkorogee uji wa ulezi, shemeji, atakua tu." Yule mnyama alikuwa na joto kama andazi, ananyonya kidole changu akitafuta maziwa. Sikuingia naye ndani. Nilikwenda naye moja kwa moja kwa Bibi Skola.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunililia au umemrudisha?"

"Nimemrudisha. Lakini mahindi yangu, Bibi?"

"Ya mahindi sijui. Ninachojua, huyu akifa hutakuwa na mbwa wala mahindi. Muweke kwa mama yake. Uwe unakuja, akuzoee harufu."

Desderi alitembea kijiji kizima akisema, "Shemeji kapewa mbwa, kaenda kumweka benki!" Na hofu nilikuwa nayo, sikufichi.

Wale wengine hawakukaa. Unaujua upepo wa huku kwetu ukipita mlangoni. Watoto walilala peke yao na baridi, wakapewa uji mzito, wakaharisha, wakafa mmoja mmoja. Wageni walipofika hapakuwa na cha kuwaonyesha. Kapele akasema ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa, alikuwa Kapele. Wivu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba ananusa vizingiti analia, na watu waliokuwa wamenyoosha mikono wakifunga milango.

Mahindi yakatoa ndevu. Asubuhi moja nikakuta mistari ya ukingoni imevunjwa yote, magunzi yametapakaa. Nikaenda kwa Bibi Skola nikilia kweli sasa. Akanitazama kama mtu aliyechoka.

"Huyu mdogo si ana mama? Mbebe uende naye shamba, uone nani atakufuata."

Nikamweka kwenye kikapu. Wivu, kwa kuwa alikuwa amebakiwa na huyohuyo, akanifuata pua ikigusa kikapu njia nzima. Kule shambani alimnyonyesha, akalala. Nyani wa kwanza alipobweka kwenye miamba, mwanangu, yule mama aliondoka kama jiwe lililorushwa. Nilisikia kelele tu zikishuka bondeni, zikashuka, zikapotea. Nikakaa juu ya tuta na mimba yangu nikacheka peke yangu mpaka machozi. Shamba lilikuwa limepona.

Tuliendelea hivyo mpaka mahindi yakakaribia kukauka. Mdogo akaanza kula ugali wangu, akaota meno makali. Akimng'ata mama yake kwa nguvu, mama anamgeukia anamkandamiza chini, na kesho yake anang'ata polepole. Hayo mimi nisingeweza kumfundisha. Halafu siku moja aliitafuta chuchu, Wivu akasimama, akajikung'uta, akashika njia ya kwao bila kugeuka. Mdogo akalia kidogo, akaja kulala miguuni pangu.

"Basi, amekupa," Bibi Skola akasema nilipomweleza.

Nilimpeleka kwangu mchana kweupe, pamoja na kipande cha gunia alilolalia. Nikamwita Semeni, ili Desderi awe ananisikia. Mtoto wangu alizaliwa nyumba ina mahindi.

Sasa, ya kwako. Anayekuambia umchukue kesho, muulize ni haraka ya nani. Nenda Mtowisa ukakae naye kwanza. Akila mwenyewe, akicheza na wenzake, na mama yake akianza kumkimbia, mchukue, asubuhi, apate mchana mzima wa kukuzoea, na umwombe mwenye mbwa kitambaa chenye harufu ya kwao. Kabla ya hapo muache, hata wakucheke.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe bondeni salama, akurudishe na mnyama mzima mkononi, na shamba lako lisikose cha kulindwa.