Tufe la Tanganyika Lililonitoa Nyahanga

Mimi si mtu wa safari. Nikitoka kwangu Nyahanga nikafika stendi ya Kahama, nahesabu nimesafiri. Lakini binamu yangu aliponipigia simu kusema kwamba huko Bulyanhulu kuna tufe la dunia la zamani, limeandikwa Tanganyika, na wenyewe wanataka kulipasua, nilitafuta viatu. Ninayo matufe manne. La enzi hizo sina.

"Dunia nne hazikutoshi?" mke wangu akauliza.

Nikafunga kamba za viatu. Nilishaamua.

Njiani nilipanda bodaboda, nikamkumbatia dereva bila aibu. Malori ya mgodini yalinipaka vumbi mpaka nikafanana na barabara.

Bulyanhulu nilimkuta Mama Kulwa, anayewapikia wachimbaji wadogo. Tufe lilikuwa mezani kati ya masufuria, na shemeji yake Masanja, mnunuzi wa dhahabu, ameshika nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ungechelewa kidogo tu!"

Ule mkono wa metali ya manjano unaoshikilia tufe, Masanja alishaudondoshea tindikali, kama wanavyopima dhahabu huku. Ukatoa povu la kijani.

"Shaba tu," alisema. "Lakini ndani kuna kitu." Akalitikisa, kweli kikagonga. "Hili lilikuwa la mzungu. Mzungu hafichi bure."

"Niachie nifungue. Nikishindwa, pasua."

Nililegeza skrubu kwa kisu cha jikoni, jasho likinitoka. Kikadondoka kipande cha mti kilicholiwa na wadudu. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakaangua kicheko: "Masanja, mwamba huo hauna kitu!" Akaweka nyundo chini.

Nikamwonyesha Mama Kulwa Tanganyika, Tabora, Mwanza.

"Na sisi?"

"Hatupo, mama. Hata Kahama haipo."

"Baba yangu alikuwa analima hapa hapa enzi hizo. Walimruka?" Akalivuta tufe kwake. "Tuandike. Usipotuandika, halitoki."

Mimi, ninayewafukuza wanangu wasiyaguse matufe hata wakiwa wamenawa, nikabembeleza: "Kwa penseli?"

"Ukifika Nyahanga ufute? Nyie watu wa mjini nawajua. Wino!"

Nikaandika kwa wino: Bulyanhulu. Akalisoma taratibu, kisha ndipo tukaelewana bei.

Jioni nilirudi nimelipakata kama mtoto mchanga. Wakusanyaji wenzangu watasema nimeliharibu. Nilichojifunza ni kwamba aliyelichora hakufika Bulyanhulu. Mimi mvivu wa safari nilifika, nikaandika nilichokiona.