Fundi Pimamaji Ajizibia Njia

Mtaa mzima ulijua kwamba Fundi Pimamaji anampenda dada yangu. Aliyekuwa hajui ni Pimamaji mwenyewe, au kama alijua, basi alikuwa bado analipima jambo lenyewe.

Jina hilo alipewa na mtaa, na alilistahili. Pimamaji ni kile kifaa cha fundi chenye kichupa cha maji na kiputo ndani yake, kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Mafundi wengine hukitumia kazini, kisha hukirudisha kwenye mfuko wa zana. Huyu wetu alikuwa na kidogo cha kutembea nacho, mfukoni mwa shati, pale ambapo wenzake huweka kalamu. Ukimkaribisha chai, kwanza alikilaza juu ya meza yako. Alikilaza juu ya kaunta ya Mama Duka, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, akamwambia kwamba kaunta inainamia kushoto. Mama Duka akamjibu kwamba hajaona mkate uliowahi kuteleza. Kwetu, siku ya kwanza kuingia, aliinyoosha picha ya marehemu baba ukutani kabla hata ya kukaa.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyemlea. Mjomba huyo alikuwa na neno moja la kumfundishia: zege likishamwagwa limemwagwa, kwa hiyo fikiri kwanza. Mpwa alilishika neno lile, akalitumia kwa kila kitu. Alifikiri kabla ya kununua viatu. Alifikiri kabla ya kukata nywele. Umri wa kuoa ukaja, ukamkuta anafikiri, ukapita zake. Tulipomfahamu sisi alikuwa na mvi pembeni, mrefu, mpole, suruali zake zimekakamaa magotini kwa saruji. Lakini kazi yake alikuwa anaijua. Mimi si mwepesi wa kusifu watu, na yule nilimsifu. Kila alipotengeneza yeye, mvua ikinyesha maji hayakutuama.

Alikuja mtaani kwetu kwa sababu ya njia ya miguu. Ilikuwa imechakaa vibaya. Mizizi ya miti iliinua zege kwa chini, na magari ya maji yalilipanda kwa juu, mpaka ukawa huendi dukani bila kuangalia miguu yako. Mimi hufua na kupiga pasi nguo za watu, na nilishawahi kujikwaa hapo hapo mlangoni na kapu zima la mashuka meupe. Sitarudia nilichokisema siku ile. Jirani mmoja alipovunjika mkono, wenye nyumba tukakubaliana kila mmoja atengeneze kipande kilicho mbele ya mlango wake, na fundi awe mmoja ili njia ilingane. Pimamaji akaanza kona ya juu, akawa anashuka nyumba moja baada ya nyingine. Sisi tulikuwa wa mwisho.

Nyumba yetu ina mlango mmoja tu wa kutokea, unaofungukia moja kwa moja njiani, na ngazi moja ya kukanyagia. Nyuma kuna ua mdogo wenye ukuta mrefu, na juu ya ukuta kumepandwa vipande vya chupa. Chumba cha mbele ndicho tunachofanyia kazi. Dada huweka cherehani yake karibu kabisa na mlango apate mwanga, na mimi husimama nyuma yake na pasi yangu. Tulihamia pamoja baada ya mumewe kufariki, miaka mingi iliyopita. Tunagombana kila siku kuhusu nani amehamisha mkasi wa nani.

Pimamaji alikuja kupima kipande chetu. Siku iliyofuata akaja kupima tena. Kabla ya wiki kwisha kipande kile kilikuwa kimepimwa kuliko kiwanja cha ndege. Akifika, husimama mlangoni, hutoa salamu, halafu hunyamaza. Dada akimwangalia usoni, mtu huyu anakuwa bubu kabisa. Anakohoa, anatazama kiputo chake, anaaga. Mimi nilikuwa nakaribia kumrushia pasi.

Kisha ikaja siku ya kuvunja zege la zamani. Akainama na nyundo yake, mgongo ameuelekeza kwetu, na Dada akamwuliza tu, kama mtu anayeongea na uzi wake, kwamba hivi jiwe gumu kama hilo linapasukaje. Pimamaji akajibu. Akaeleza mambo ya mizizi na ya maji, akaingia kwenye mambo ya mjomba wake, akafika kwenye mbuzi wa mjomba aliyekula mfuko wa saruji ukabaki upande wa chini tu. Aliongea mpaka tukashangaa. Alipogeuka kuchukua beleshi na kukutana na macho ya Dada, maneno yakakatika. Alipoinama tena, yakarudi.

Dada akawa ameshamjua. Kuanzia hapo akawa anangoja mgongo ugeuke ndipo aulize. Na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kicheko kile, cha kutoka tumboni, tangu msiba. Nilifurahi mpaka nikaunguza kola ya shati la mtu.

Sasa tatizo. Pimamaji alikuwa amepata kazi nyingine, kubwa, ya kujenga soko katika mji wa mbali, na kazi yenyewe ni ya miaka. Lori la kumchukua yeye, wasaidizi wake na zana zao lingekuja alasiri ya siku ile ile ya kumwaga zege letu. Maana yake, akimaliza mlangoni kwetu hana tena sababu ya kurudi mtaani, na bado alikuwa hajasema neno.

"Mwambie wewe," nilimwambia Dada.

"Mimi ni fundi wa nguo," akasema. "Sikati kitambaa kabla mteja hajasema anataka nini."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo ni langu. Piga pasi."

Lakini usiku ule hakula vizuri, nami nilimwona.

Siku ya kumwaga, asubuhi, wasaidizi wawili walichanganya saruji, mchanga na kokoto kando ya barabara. Wakawa wanaleta kwa ndoo na kumimina kutoka pembeni, naye Pimamaji anasawazisha kwa ubao na kulainisha kwa mwiko. Kazi hiyo hufanywa kwa kurudi nyumanyuma, ili usikanyage ulikotoka kulainisha. Nyumba zote za juu alikuwa ameanzia mlangoni, uso umeelekea kwenye nyumba, akarudi nyuma mpaka barabarani. Ndivyo anavyofanya fundi mwenye akili zake.

Kwetu alianzia barabarani.

Sikuliona hilo, wala Dada hakuliona, wala wasaidizi hawakusema kitu. Tulichoona ni mgongo wake ukitusogelea. Kila alivyorudi nyuma ndivyo sauti yake ilivyokuwa karibu zaidi na cherehani, naye hakuhitaji kuipandisha. Dada alishona polepole siku ile, maana cherehani ikikimbia huwezi kusikia mtu. Walizungumza habari za mvua, habari za bei ya vifungo, habari za mtu anayezeeka anapikiwa na nani. Hilo la mwisho lilipotajwa niliinua pasi nisikilize, lakini likapita, wakarudi kwenye vifungo.

Mara kisigino chake kikagusa ngazi yetu. Akapanda bila kuangalia, akalainisha kiganja cha mwisho cha zege, akanyanyua mwiko, akasimama wima. Mbele yake zege bichi lilikuwa limelala kutoka kona moja ya nyumba hadi kona nyingine na kutoka ngazini hadi barabarani, laini kama uji uliopoa. Ng'ambo yake walisimama wasaidizi wake na ndoo tupu.

"Fundi," msaidizi mmoja akamwita kwa heshima zote, "sasa utatokaje?"

Pimamaji alitazama kulia, akatazama kushoto. Miaka yote ya ufundi, na mtu amejizibia njia kama aliyeanza kazi juzi.

Mama Duka alitoka dukani kwake akiwa ameshika mzani mkononi. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti la soda. Habari ikapanda mtaa mzima kwa muda mfupi kuliko ninavyoisimulia, watu wakaja, wakapanga mstari ng'ambo ya barabara. Mmoja akamshauri aote mabawa. Mwingine akasema kinyozi hajinyoi. Pimamaji alibaki kwenye ngazi ametuelekezea mgongo, na hata Dada alikuwa amefunika mdomo kwa kipande cha kitambaa.

Tulimpa kiti, akakaa hapo hapo mlangoni, uso barabarani. Tulimpa chai, akainywa bila kuipimia meza. Waliokuja kucheka wakachoka, wakatawanyika, wengine wakarudi. Adhuhuri ikapita. Alipaswa kuwa anatafuta namna ya kutoka, lakini yeye alikuwa anaangalia zege tu. Kila gari lilipopita mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati na kurudi.

Alasiri lori likaja, likapiga honi. Wasaidizi wakapakia toroli, mabeleshi na mifuko. Dereva, mtu mnene mwenye kofia, aliposikia mkasa wala hakucheka sana, maana alikuwa na haraka. Alifungua nyuma ya lori, akavuta ubao wake mrefu wa kupakilia mizigo, mnene kuliko mlango wetu, akaulaza kutoka juu ya tofali barabarani mpaka kwenye ngazi. Ulipita juu ya zege bila hata kuligusa.

"Haya, Fundi," akasema. "Pita twende."

Cherehani ya Dada ilikuwa imenyamaza. Nilimtazama usoni, na nakuapia, moyo uliniuma. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, anatazama mgongo ule.

Pimamaji alichuchumaa. Akatoa kile kifaa chake mfukoni, akakilaza juu ya ubao, akakitazama kwa muda mrefu.

"Ubao huu umepinda," akasema.

"Umepinda wapi?" dereva akauliza. "Ubao huu unapandisha mapipa ya mafuta."

"Pipa likianguka halivunjiki mguu."

"Fundi, hapo ni hatua tatu."

"Umepinda," akasema Pimamaji tena, na sauti ilikuwa ndogo. "Siwezi kupita."

Nilichungulia juu ya bega lake. Kiputo kilikuwa katikati kabisa, kimetulia. Ubao ulikuwa umenyooka kuliko kitu chochote mtaani. Mtu ambaye hakuwahi kumwongopea mtu, hata Mama Duka kuhusu kaunta yake, alikuwa amechuchumaa mbele ya mtaa mzima anausingizia ubao. Nikaweka pasi chini.

Akasimama, akakirudisha kifaa mfukoni. Kisha akafanya jambo ambalo siku nzima ile hakuwa amelifanya: aligeuka. Aligeuka mwili mzima, akauacha mtaa nyuma yake, akamtazama dada yangu usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mkono wake ukaenda tena kwenye mfuko wa shati, nikasema moyoni, amekwama tena huyu, amekwama.

"Fundi," akamwambia.

"Naam, fundi," Dada akajibu.

"Nimelifikiria jambo hili tangu kona ya juu. Nimelifikiria kila nyumba. Nikiwa na wewe nasahau kazi, na mimi sijawahi kusahau kazi." Akavuta pumzi. "Nataka nikuoe. Kama hutaki, niambie tu, wala sitakasirika. Kama hutaki, ubao ule umenyooka. Nitapita."

Sijui mtaa ulisikia au haukusikia. Dada alimtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ujane wake wote. Halafu akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye sketi yake, akaja mlangoni, akasimama naye bega kwa bega juu ya ile ngazi moja.

"Dereva," akaita, kwa sauti ambayo hata nyumba ya kona waliisikia. "Chukua ubao wako. Fundi amesema umepinda."

Dereva alimtazama yeye, akamtazama Pimamaji, akanitazama na mimi ninayelia na kucheka nyuma yao. Akavua kofia yake, akainama, akauvuta ubao wake taratibu ili usiguse zege.