Tulivyohamia Upande wa Tembo

Baba yangu alizaliwa katikati, na kwetu sisi Wachaga wa Masama huo ni mkosi. Kihamba cha babu, yaani shamba la nyumbani, kilikwenda kwa mdogo wa mwisho wa baba, kama mila inavyotaka. Kaka yake mkubwa alishakatiwa chake zamani, na baba akabaki na panga na mdomo. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imekufa, akatangaza kwamba tunahamia kaskazini ya mlima, karibu na mpaka wa Kenya, ambako mashamba yalikuwa bwerere. Hakuuliza kwa nini yalikuwa bwerere.

Mama aliuliza kuhusu maji. Baba alijibu kwamba mlima ni huohuo mmoja.

Tulihama na ng'ombe, masufuria na machipukizi ya migomba. Wafugaji tuliowakuta huko walimshauri apande maharage. Baba alikasirika kabisa, akasema mwanamume asiye na migomba mlangoni ni mpangaji tu. Basi mimi na mama tukawa tunatembea saa mbili kwenda kisimani, na ndoo ya kwanza ilikuwa ya migomba. Sisi tulioga Jumapili, kwa heshima ya kanisa ambalo halikuwepo. Niliichukia ile migomba kuliko shetani.

Ilikua, nisiwe mwongo. Mkungu wa kwanza ulipochomoza, baba alivaa koti. Wiki hiyohiyo, asubuhi kweupe, walikuja tembo wakala yote, hadi vigogo, bila haraka, huku baba akiwatukana kwa Kichaga. Mmoja alimtazama kidogo, akaendelea kutafuna.

Mama alifunga mizigo.

"Mimi na watoto tunarudi kwetu. Wewe baki na wageni wako."

Niliogopa. Pamoja na ubishi wake wote, sikutaka kurudi bila baba.

Baba aliondoka bila kuaga. Alirudi siku ya tatu mchana, vumbi hadi kwenye kope, ameshika isale, lile jani ambalo Mchaga akikuletea kuomba radhi, ni lazima usamehe. Nyika ile haikuwa nalo. Alikuwa amezunguka mlima hadi Masama kulichuma.

"Mama watoto, nisamehe. Tutapanda upya."

Mama alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Nimekusamehe, baba watoto. Kutoka moyoni."

Kisha akainua godoro, akamtwisha.

"Haya, tangulia."

Baba alilisawazisha godoro kichwani, akatangulia.