Siku Samaki Wangu Alipomrukia Profesa

Msinicheke kabla sijamaliza, maana hata leo nikipita karibu na ule ukumbi naangalia chini kama mtu aliyedondosha funguo, na ni aibu tu.

Mimi mzaliwa wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, vita ndivyo vilivyonileta mjini Goma, nikakaa mtaa wa Keshero kwa mama mkubwa Masika na kusomea mambo ya samaki chuoni. Kazi yangu ya mwisho ilihusu samaki wachanga wanaozaliwa mtoni kisha kuhamia baharini (bahari yenyewe sijawahi kuiona, ila hilo sikuwaambia walimu). Mtoni mashavu wanayopumulia yanashikilia chumvi isipotee, baharini mashavu yaleyale yanageuka kuitoa, lakini wanahitaji muda, wakae kwanza pale maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika. Kuitetea mbele ya walimu kulikuwa kumeahirishwa tena na tena kwa sababu ya mapigano. Sasa siku ilikuwa imepangwa, na hii ikipotea, nani angejua kama itakuja nyingine?

Basi nikataka waone kwa macho. Nilikuwa na vifaranga vya tilapia kwenye ndoo (si wahamaji, lakini chumvi wanaivumilia), nikiwaongezea chumvi kidogo kidogo mpaka wakazoea. Kilichobaki ni kuwahamishia kwenye beseni la maji mapya ya chumvi mbele ya watu. Maji nilikuwa nachota ziwani mwenyewe, kwa sababu pale ufukweni kuna mama anayetia klori kwenye kila bidoni, yaani dumu la maji, kipindupindu kisitumalize, nami nilimwomba kila siku asitie yangu, maana dawa hiyo inaua samaki. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa kitenge kipya na viatu virefu, nimejipulizia marashi ya mama mkubwa mpaka mwenyewe akakohoa, nikaona ufukweni si pangu tena, nikamtuma papa mmoja (kwetu papa ni baba, si samaki) mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, aniletee. Alipoleta ukumbini nikamimina kwenye beseni, nikatia chumvi, na kwa marashi yale nisingesikia hata harufu ya volkano.

"Waheshimiwa," nikatangaza, "aliyezoeshwa polepole haogopi chumvi!" Nikamwaga nusu ya samaki.

Wakaanza kuhema juu ya maji, wengine wakageuza matumbo, na mmoja akaruka akatua mapajani mwa Profesa aliyeongoza jopo, muzee wa suti ya rangi ya maziwa. Kisha sauti ya mama mkubwa ikatoka nyuma:

"Yee! Kumbe myaka yote hii mutoto alikuwa anasomea kutengeneza makayabu?"

(Makayabu, kwa msiojua, ni samaki wa chumvi.) Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Nikapiga magoti kuokota samaki, pua juu ya beseni, na hapo dawa ikanichoma. Klori! Nikamtazama papa wa chukudu mlangoni.

"Mama, niliomba batie mara mbili," akaniambia kwa upole, "juu ya wageni, basipate ugonjwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikutoka Vitshumbi kuja kushindwa na beseni.

"Profesa, nusu ya samaki bado iko kwenye ndoo. Munipe ruhusa niende ziwani. Sirudi nyumbani bila kumaliza."

"Enda," akasema. "Lakini huyu wa mapaja yangu, umutoe kwanza."

Nikavua viatu, nikaenda miguu mitupu. Ufukweni nilipompigia yule mama wa klori kelele "Yangu usitie!" foleni nzima ikanigeukia: "Huyu anataka kutuletea kolera!" Nikaapa kuwa ni ya samaki, wakauliza tangu lini samaki ni bora kuliko watu, nikabeba matusi pamoja na bidoni, kamba kwenye paji la uso, kitenge chepechepe mpaka ukumbini. Jopo lilikuwa linanisubiri.

Nikatia chumvi, nikawamwaga waliobaki. Wakaogelea. Tukangoja, wakaendelea kuogelea, nami nikaeleza kila kitu bila kusoma popote.

"Na weye," Profesa akauliza, "ulitoka Vitshumbi kuingia Goma polepole?"

"Hapana, Profesa. Mara moja. Vita haikunipa ndoo."

"Na ulizoea?"

"Nazoea bado."

Akatazama miguu yangu yenye matope, akachukua kalamu akatia sahihi. Nilipita.

Tangu hapo, siku ya jambo kubwa sivai viatu mpaka maji yafike, na nayachota mwenyewe. Marashi siyagusi. Ila mama mkubwa ndiye amenishinda: kila mgeni akija anamwonyesha diploma yangu ukutani. "Hii ni ya makayabu," anasema, halafu anakwenda jikoni kujifanya anaangalia moto.