Kura ya Kwanza ya Faina Lazarevna

Faina Lazarevna alikula kiapo cha uraia wa Marekani akiwa na miaka sabini na minne, baada ya kuanguka mtihani mara mbili, wala si pasipoti aliyoitaka. Alitaka kupiga kura. Alitaka, kabla hajafa, achague mtu kwa akili yake mwenyewe. Miezi miwili alisoma magazeti kwa kioo cha kukuzia maandishi mpaka macho yakamvimba.

Sasa asubuhi ya uchaguzi, katika kituo cha wazee cha Brighton Beach, mtaa wa wahamiaji wasemao Kirusi jijini New York, Zhanna mkurugenzi akapita meza kwa meza akigawa chokoleti na vikaratasi vyenye majina yaliyokwisha kuzungushiwa wino.

"Wapenzi wangu, msijichoshe vichwa," alisema. "Nimeshawachagulia watu wazuri. Fuateni hii tu. Basi linaondoka saa nne."

"Umetuchagulia?" Faina aliuliza. "Kwani wewe nani, katibu wa chama?"

Wazee wakacheka chini chini.

"Jamani, Faina Lazarevna! Hii ni Amerika, kila mtu yuko huru."

"Basi nipe uhuru wangu bila chokoleti."

Akakichana kile kikaratasi na kukitumbukiza kwenye chai ya Zhanna. Yefim, mhandisi mstaafu aliyekula naye meza moja miaka sita, akamvuta mkono. "Mama wee, utatuponza. Atatufutia safari za bwawa la kuogelea."

"Yefim, umevuka bahari nzima kuja kumwogopa mwanamke wa nywele za kupaka rangi?"

Alikuwa na haki ya kuwaka. Kule Gomel, enzi za Umoja wa Kisovieti, alikoshona kofia kiwandani miaka thelathini na mmoja, siku ya uchaguzi ilikuwa na muziki, soseji zisizoonekana madukani, na jina moja tu. Unapewa karatasi, unaikunja bila kuandika kitu, unaitia sandukuni, unakimbilia foleni ya soseji. Kituturi cha kupigia kura kwa siri kilikuwepo, tena na pazia jekundu na penseli, lakini nani angethubutu? Anayeingia bila shaka anataka kulikata lile jina, na mtu wa mezani anamtazama. Mumewe, Grisha, aliingia mara moja kufunga kamba ya kiatu. Mwezi mzima aliitwa ofisini kuhojiwa, na jina lake likatupwa mkiani mwa orodha ya kungojea nyumba za serikali. Miaka tisa zaidi wakabanana chumba kimoja na mama mkwe kwa ajili ya kamba ya kiatu! Washenzi wakubwa wale.

Basi likawashusha kwenye ukumbi wa shule. Faina, bado akimfokea Yefim habari za Zhanna, akapokea karatasi yake, akainyoosha vizuri, akapita vituturi vyote bila kugeuka na kuitia kwenye mashine. Mashine ikapiga kelele na kuitema.

Milana, binti aliyewekwa pale kuwatafsiria wasemao Kirusi, akaja mbio na kuichukua. "Bibi, karatasi yako haina alama hata moja. Hujachagua mtu."

"Nimeshapiga, mwanangu. Umeniona."

"Nimekuona ukipita tu, bibi. Kalamu hukushika."

Faina akaitazama karatasi ikiwaka weupe. Uso ukamchoma kwa aibu. Na aibu ilipopoa ikabaki hasira ambayo Zhanna hakustahili hata robo yake. Miaka kumi na minane amewakimbia watu wale wa Gomel, amewatukana kila siku ya Mungu, kumbe walikuwa wameifundisha miguu yake njia, na miguu ilikuwa ingali inawatii.

"Irudishe," alisema. "Na niletee kiti."

Akaketi ndani ya kituturi, akatoa kioo chake. Jina moja, anasoma. La pili, anasoma. Foleni ikarefuka, mtu akakohoa, yeye hakuinua kichwa. Alipomaliza upande wa kwanza, Zhanna aliingia ukumbini na koti lake la manyoya.

"Faina Lazarevna, tunakungoja wewe tu! Dereva anaondoka!"

"Aondoke," Faina alijibu, akigeuza karatasi upande wa pili. "Nitarudi kwa miguu. Bado nachagua."