Maji Kifuani mwa Bibi

Harufu ya karatasi kuukuu iliyokaa sandukuni pamoja na maua makavu ya viluwa hunirudisha kwa Bi Rukia, mama yake mama, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Ndivyo ulivyonukia msahafu wake. Akiufungua, hata mimi, mtoto wa miaka minane mwenye domo, nilinyamaza.

Mwaka ule mifereji ya maji majumbani ilikauka wiki mbili nzima. Mchana mmoja mtungini mlibakia kata mbili tu za maji, nami nilikuwa nikiyalinda kwa macho. Jirani yetu Bi Time akapiga hodi. Mwanawe anaharisha, maji hana. Bibi akammiminia yote. Nikaangua kilio cha hasira.

"Salma!"

"Naam, Bibi."

"Njoo ukae."

Akanisomea aya za Nabii Musa alipolipiga jiwe kwa fimbo, zikabubujika chemchemi kumi na mbili. Alisoma akitua kila mara, maana siku zile pumzi zilimwishia upesi; hata kulala alilala ameegemea mito.

"Jiwe lenyewe liko wapi?" nikamuuliza, nikitumai liko karibu.

Akacheka. "Unalo mwenyewe. Jiwe ni huu moyo, mjukuu wangu. Ukiubana, mkavu. Ukitoa, unapasuka. Huamini? Tega sikio hapa."

Nikaliweka sikio kifuani pake, juu ya kanga. Kunguru wote wa mtaa walikuwa kimya. Kisha nikayasikia. Ndani kabisa, maji yalikuwa yakitokota taratibu, yakipanda na kushuka, kama kwamba mna kisima na mtu yumo chini anateka. Nywele zikanisimama. Nilipoinua uso, Bibi alikuwa akinitazama bila kupepesa, midomo imemgeuka rangi ya zambarau.

"Umesikia?"

"Nnasikia, Bibi."

"Basi hatuna dhiki."

Wallahi, kiu ikaniondoka. Kesho yake mifereji ikatoa. Mwezi haukwisha, tukamzika Bibi.

Nilipokuja kusomea uuguzi ndipo nilipofundishwa ile sauti: moyo ukichoka, maji hujaa mapafuni. Nilitoka darasani, nikaegemea ukuta nikalia. Mama akanithibitishia kwamba daktari alikuwa keshamwambia Bibi kila kitu. Kumbe Bibi alijua vizuri nilichokuwa nasikiliza.

Kwa muda nilimwona kama aliyenihadaa. Siku hizi sivyo ninavyomwona. Maradhi yalikuwa maradhi, lakini zile aya alizisoma kwa ajili yake pia. Alikuwa akizama, na bado alikuwa na cha kunigawia.